Beetle ya 1966 kwenye barabara za leo

Siku ya kwanza kulitoa gari barabarani, gari la mbele yangu lilifunga breki ghafla. Nikakanyaga kwa mguu wote. Beetle ikavuta kushoto, usukani ukataka kunitoka mikononi, nikaja kusimama tairi moja likiwa juu ya njia ya waenda kwa miguu. Bahati hapakuwa na mtu. Nilikaa pale injini ikiunguruma nyuma yangu, magoti yananitetemeka, na uamuzi nikawa nimeshaufikia kabla hata ya kuondoka: breki za dramu zimepitwa na wakati, naweka diski.

Uamuzi huo nilikuja kuutekeleza baada ya mwaka mmoja na nusu, na ninashukuru kwamba nilicheleweshwa.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966. Lilikuwa la baba mkubwa, na lilikuwa limekaa juu ya mawe miaka 11 kabla hajanikabidhi funguo. Injini iko nyuma na inapoozwa kwa hewa, umeme ni wa volti 6, breki ni dramu kwenye magurudumu yote manne. Magari ya aina hii yalianza kuundwa mwaka 1938, na la mwisho likatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, yakiwa yameshapita milioni 21. Nayataja hayo kwa sababu wingi huo ndio unaofanya vipuri vipatikane hadi leo, na vipuri ndivyo vinavyoamua kama gari la zamani utaliendesha au utaishia kulitazama. Anayetaka gari la zamani la kutumia kila siku aulize habari za vipuri kabla hajaangalia umbo.

Nilimtafuta mzee mmoja fundi ambaye ujana wake wote aliumalizia chini ya magari haya. Nikamweleza habari ya diski. Hakunijibu. Alilizunguka gari, akajilaza chini kwa shida, akachungulia nyuma ya kila gurudumu, kisha akainuka anafuta mikono.

“Mwanangu, hizi breki umewahi kuziona zikifanya kazi yake?”

“Ndiyo, mzee. Juzi tu. Nusura zinimalize.”

“Hapana. Juzi umeona breki zilizoachwa miaka 11. Zenyewe bado hujaziona.”

Tukalipandisha jeki. Akanikalisha ndani, nikawa nakanyaga na kuachia huku yeye akilizungusha kila gurudumu kwa mkono. Matatu yalishika na kuachia vizuri. La mbele kulia lilichelewa kushika, na nilipoinua mguu likabaki limeshika vilevile. Alilivuta kwa mikono miwili halikusogea. Akachukua spana, akalegeza kidogo nati ya kutolea upepo. Mafuta ya breki yakaruka, meusi kama oili iliyochoka, na papo hapo gurudumu likawa huru.

Akaufungua mpira wa breki wa upande ule, ule unaounganisha bomba la chuma na gurudumu, akaukata katikati kwa kisu na kunipa nishike. Kwa nje ulikuwa mzima, mweusi, hauna hata ufa. Kwa ndani ulikuwa umevimba hadi sindano ya kushonea ikapita kwa shida. Nilipokanyaga, shinikizo lilichelewa kufika upande wa kulia, ndiyo maana gari lilikimbilia kushoto. Nilipoachia, mafuta hayakuweza kurudi. Kipande kile ninacho mpaka leo kwenye droo ya zana, na kila anayeniuliza aanzie wapi na gari lake namwonyesha kwanza.

Tulibadilisha mipira yote minne na silinda za magurudumu, tukaingiza mafuta mapya, tukatoa upepo mpaka pedali ikawa ngumu. Kisha akanifundisha kurekebisha viatu vya breki, vile vinavyosukumwa kusugua dramu, kupitia tundu dogo la nyuma: unazungusha ile nyota ya meno kwa bisibisi bapa hadi gurudumu lishikwe, halafu unarudisha jino moja au mawili mpaka lizunguke kwa msuguo mdogo tu. Kazi hii inarudiwa kila baada ya kilomita elfu chache, kwa sababu dramu za umri huu hazijirekebishi zenyewe. Nilipolitoa gari tena, lilisimama limenyooka kama uzi. Breki zilezile za 1966 ambazo nilikuwa nimeshazihukumu.

Hapo nikapata kipimo ambacho nimekitumia kwa kila kitu kilichofuata. Gari la zamani lina udhaifu wa aina mbili, na kwa macho zinafanana sana. Kuna uchovu: mpira umevimba, waya umeshika kutu, kitu fulani hakijaguswa kwa miaka. Na kuna ukomo, yaani pale ambapo hata gari likiwa jipya kabisa muundo wake haukukusudia mwendo na msongamano wa leo. Uchovu dawa yake ni kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani. Ukomo ndio unaohitaji maboresho. Ukifunga boresho jipya juu ya uchovu, ule uchovu hauondoki. Unabaki umefunikwa, na siku ukijitokeza hutajua utafute wapi.

Kwenye breki, ukomo wa kwanza ulikuwa wazi: masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, ilikuwa ya mkondo mmoja. Magurudumu yote manne yanategemea mafuta yaleyale, kwa hiyo bomba moja likitoboka, popote pale, pedali inazama na huna breki hata moja isipokuwa ya mkono. Nikafunga masta silinda ya mikondo miwili kutoka matoleo ya baadaye ya gari hilihili. Hii ningemshauri mtu aifanye kabla ya boresho lingine lolote.

Ukomo wa pili niliukuta kwenye mteremko mrefu, tukiwa watu wanne na mizigo. Pedali ilikuwa ngumu, kila kitu kizima, lakini gari likawa halipunguzi mwendo na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Dramu zilikuwa zimepata moto. Nikashusha gia, nikateremka taratibu mpaka chini. Hizo sasa ndizo diski nilizozihitaji, na nilizifunga mbele nikijua hasa kwa nini nazifunga. Jambo moja lilitusumbua wakati wa kuzifunga: mfumo wa dramu una vivalvu vinavyobakiza shinikizo kidogo ndani ya mabomba hata ukiachia pedali. Kwa dramu hilo ni sawa, ila kwa diski linafanya pedi zisugue muda wote. Ilibidi tuviondoe kwenye mkondo wa mbele. Mafuta ya breki ninayotumia ni ya daraja la DOT 4, na nayabadilisha kila baada ya miaka 2 hata kama gari halijatembea, maana yananyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukichemka ndani ya bomba pedali inakuwa laini wakati ule ule unapoihitaji.

Taa nilizikuta ni hadithi ileile. Usiku wa kwanza nilikuwa naona barabara kama mtu aliyebeba mshumaa. Kila niliyemuuliza alisema volti 6 hazifai, badilisha zote ziwe 12. Lakini safari hii nilianza na mita. Kwenye betri nikapata volti 6.3. Nikaenda kwenye taa ya mbele, nikagusa nyuma ya balbu huku taa zikiwaka: 4.9. Volti 1.4 zilikuwa zinapotelea njiani. Watu wengi hawajui jinsi balbu ya uzi ilivyo nyepesi kuathirika na hilo. Mwanga wake haupungui sawasawa na volti. Unashuka kwa kasi zaidi, kiasi kwamba taa yangu ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake.

Nilitumia siku mbili nikisugua. Nilifungua kila mahali waya wa arthi unapokutana na bodi, nikakwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi, nikafunga. Nikabadilisha vishikio vya fyuzi vilivyoota ukungu wa kijani na nyaya mbili zilizokauka. Nikapima tena: 5.8. Usiku ule niliendesha gari ambalo sikuwahi kuliendesha.

Hata hivyo ukomo ulikuwepo. Magari yanayokuja mbele siku hizi yana taa kali mno, na wa nyuma yangu anatakiwa anione mapema. Baada ya miezi kadhaa nikahamia volti 12. Kazi yenyewe si ngumu ila ina orodha ndefu: betri, dainamo au altaneta, koili, kila balbu, kifaa cha kupepesa indiketa, mota ya waipa, honi, na vile vifaa vidogo vya umeme kwenye kabureta ambavyo ni rahisi kuvisahau. Stata ya volti 6 niliiacha. Inazunguka kwa nguvu kuliko ilivyozoea, lakini inafanya kazi kwa sekunde chache tu kila mara, na meno ya gurudumu la injini yangu hayaendani na stata mpya. Faida ambayo sikuitarajia ni nyaya. Balbu ya wati 45 kwenye volti 6 inavuta ampea 7.5, kwenye volti 12 inavuta nusu yake. Kwa hiyo nyaya nene za kiwandani zilizokuwa zikielemewa sasa zinabeba mzigo mdogo. Nikaongeza rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, ili umeme wa taa kubwa utoke moja kwa moja kwenye betri badala ya kupita kwenye swichi ya zamani, nikafunga balbu za halojeni.

Kuhusu LED nina msimamo. Kwenye taa kubwa za gari la zamani sizitaki. Kile kioo cha nyuma ya balbu kilichongwa kwa ajili ya uzi mmoja mwembamba ulio mahali maalumu. Ukiweka LED, mwanga unatawanyika, unawapofusha wanaokuja na wewe mwenyewe huoni mbali. Taa za breki ni kinyume chake. LED inawaka papo hapo, wakati balbu ya uzi inachukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga wake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, aliye nyuma yako anakuwa ameshasogea zaidi ya mita 4. Kwa gari dogo ambalo taa zake za nyuma hazizidi kiganja cha mkono, mita 4 ni nyingi. Niliweka LED nyekundu nyuma ya vioo vyekundu, na taa moja ya tatu ya breki ndani ya kioo cha nyuma.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye mfumo wa moto wa plagi. Nilitoa platini, vile vigusio vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, ndani ya distributa nikafunga kifaa cha kielektroniki, na kwa kweli gari lilipenda: liliwaka haraka asubuhi, na silensa ikaacha kupiga mafataki. Platini na kondensa zake nilikuwa nishaziweka kwenye kopo la kutupa. Mzee akaziokota, akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka ndani ya dashibodi pamoja na bisibisi na geji ya bapa nyembamba. Nikamuuliza za nini. Akasema, “Hizo hazili nafasi.”

Miezi mitano baadaye nilisimama pembeni ya barabara kuu kuitafuta simu iliyoangukia chini ya kiti. Nilizima injini lakini funguo nikaiacha imewasha umeme, na nikaongea na simu kama dakika 20. Nilipopiga stata, injini ikazunguka bila kushika hata mara moja. Baadhi ya vifaa hivi vinaungua vikiachwa na umeme huku injini imesimama, na hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyokuja nacho. Giza lilikuwa linaingia. Nikafungua dashibodi, nikakunjua kile kitambaa. Kwa tochi ya simu nikafunga platini, nikazungusha injini kwa spana mpaka zikafunguka kwa upana wake wote, nikapima nafasi ya milimita 0.4 kwa ile geji, nikakaza skrubu. Ilishika kwa mara ya kwanza. Tangu siku ile siondoi kifaa chochote cha zamani bila kukifunga, kukiandika jina na kukihifadhi, na maboresho yangu yote nayafanya kwa namna inayorudishika. Si kwa ajili ya dharura tu. Atakayelipata gari hili baada yangu ana haki ya kulirudisha lilivyokuwa akitaka.

Nikiwa bado kwenye umeme, niseme neno kwa wenye injini ya aina hii. Ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi, kwenye magari mengine inaweza kusubiri ufike nyumbani. Hapa hapana. Mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni inayopooza injini. Taa ikiwaka ukiwa mwendoni, zima na simama, uangalie mkanda kwanza. Mimi nabeba mkanda wa akiba na spana yake.

Tairi zangu za mwanzo zilikuwa na kashata nzuri kabisa, zimeng'aa. Zilikuwa na umri wa miaka 14. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka zilipotengenezwa. Nilizibadilisha kwa 165 R15 na mara tu baadaye gari likaanza kuyumba kwenye kona, mkia ukitangulia kutaka kupita. Nilihangaika kutazama springi na shokomzoba hadi nilipopima upepo. Aliyefunga tairi alijaza psi 32 zote nne, kama anavyojaza magari mengine. Gari hili lina uzito nyuma na ekseli ambazo magurudumu yake ya nyuma huinama kuelekea ndani likipinda kwa kasi, kwa hiyo mbele linataka upepo mdogo kuliko nyuma. Mimi natumia 18 mbele na 27 nyuma. Nimebandika karatasi ndani ya mlango, na bado nasimama pale pale anapojaza.

Mikanda ya usalama nilifunga ya pointi tatu, na kwenye sehemu ambazo bodi ni bati tupu fundi alichomelea sahani ya chuma nyuma yake. Bolti iliyopita kwenye bati jembamba inang'oka na bati lake. Mipira ya petroli pia niliibadilisha yote, kwa sababu etanoli iliyomo kwenye baadhi ya petroli za leo inakula mpira wa zamani, na ile iliyovikwa kitambaa huficha nyufa. Filta ya petroli niliihamisha kutoka juu ya injini; ikivuja pale inadondokea kwenye moto. Kuhusu petroli isiyo na risasi, watu wengi wananitisha bila sababu. Ni kweli risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu kwenye injini nyingi za zamani ambazo valvu zake zinakaa moja kwa moja kwenye chuma laini cha kutupwa, lakini vichwa vya injini hii ni vya alumini na viti vyake ni vya chuma kigumu kilichopachikwa. Mwenye gari lingine ajue la kwake kabla ya kuamini maneno.

Kwenye nguvu za injini ndiko nimejizuia zaidi. Wengi hutangulia kutafuta injini kubwa. Mimi sijagusa. Nabadilisha oili, lita 2.5, kila kilomita 5,000, kwa sababu injini hii haina filta ya oili ila wavu tu wa kuzuia takataka kubwa, na siku hiyohiyo, injini ikiwa baridi kabisa, napima nafasi za valvu: milimita 0.15 kila moja. Kila kipimo nakiandika kwenye daftari.

Jumamosi iliyopita daftari hilo limenipa kazi. Valvu ya moshi ya silinda ya tatu, iliyokuwa 0.15 kilomita 5,000 zilizopita, nimeikuta 0.05. Valvu ya moshi inayobana namna hiyo huwa inarefuka kwa joto, na ikiendelea kichwa chake hukatika na kuangukia kwenye pistoni. Nikampigia mzee. Alitaka kujua ni ya ngapi kabla sijamaliza sentensi. Kwenye injini za umri huu kipoza oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni, kwenye njia ya hewa inayokwenda silinda ya tatu, kwa hiyo hiyo silinda hupata hewa kidogo tena yenye joto. Kiwanda chenyewe kilikuja kukisogeza kipoza hicho pembeni kwenye matoleo ya 1971.

“Kwa hiyo huu ni uchovu au ukomo, mzee?”

“Yote mawili. Valvu imechoka, na njia ya hewa ndiyo iliyoichosha.”

Basi tutafanya yote mawili. Kichwa cha upande ule kitapata valvu mpya, na nyumba ya feni itabadilishwa iwe ile ya 1971 pamoja na feni yake pana. Ukubwa wa injini unabaki 1300. Gari limeshaegeshwa, petroli nimeifunga, na nimelegeza nne zinazoishika injini kwenye gia, nati mbili na bolti mbili. Ya juu upande wa kulia bado inagoma. Nimeinyunyizia mafuta na kuiacha ilale hadi kesho.